Bildi Ikivunjika, Nani Mwenye Zamu?

Baridi ya Johannesburg imeanza kuingia kwenye mifupa, lakini tunamshukuru Mungu. Leo sileti habari za maduka wala za maisha ya mtaani huku Sauzi. Mdogo wetu wa mwisho, yule anayesoma kompyuta Dodoma, ameniuliza swali, na nimeona jibu lake ni refu mno kwa ujumbe wa simu. Tena linawahusu watu wengi kuliko yeye peke yake. Ameuliza hivi: programu moja ikiandikwa na watu mia, halafu siku moja ikagoma, anayetakiwa kuitengeneza ni nani? Aliyeiharibu, aliyeliona tatizo kwanza, au mkubwa wao?

Najua mtasema nesi na programu za kompyuta wapi na wapi. Subirini kidogo. Kwanza, mafaili mengi ya wagonjwa siku hizi yako ndani ya kompyuta, kwa hiyo anayeziandika hizo programu na mimi tunamhudumia mgonjwa mmoja. Pili, swali lenyewe ni letu la kila siku wodini. Nimelisoma kwenye siku zangu za mapumziko, na Mkenya mmoja jirani yangu anayefanya kazi hiyo hapa Braamfontein amenifafanulia maneno yaliyonishinda. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Wanaoandika programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Hayo maagizo ni msimbo. Kompyuta haiwezi kuyatumia yalivyo. Lazima yakusanywe kutoka kwa waandishi wote, yageuzwe, yaunganishwe na kujaribiwa mpaka ipatikane programu inayofanya kazi. Kazi hiyo, pamoja na kinachotoka mwishoni, wenyewe wanaiita bildi. Vipande visipoungana, au majaribio yakifeli, wanasema bildi imevunjika.

Kwa wasiopenda kompyuta, fikirieni pilau ya harusi. Sufuria ni moja, wapishi ishirini. Mama mkubwa ametia chumvi. Shangazi naye anapita, anaona kimya, anatia chumvi akidhani haijatiwa. Kila mmoja alichofanya ni sahihi kwa upande wake, ila pilau hailiki. Na wageni wameshakaa kwenye jamvi. Bildi iliyovunjika ndiyo hiyo. Mara nyingi hakuna mjinga wala mvivu. Ni vitu viwili vizuri vilivyokutana vibaya. Na wakati imevunjika, wote wanasimama, maana hakuna anayeweza kujua kama kiungo chake kipya ni kizuri wakati sufuria tayari ni mbaya.

Zamani jambo hili lilijificha. Kila mwandishi alijifungia na kipande chake wiki nyingi, hata miezi, wakaja kuunganisha mwishoni. Kuunganisha huko kuliweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika kwenyewe. Kufikia miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft ilikuwa na desturi ya kuijenga programu nzima kila siku, ili ufa uonekane mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walishasema. Steve McConnell, katika makala aliyoandika mwaka 1996, anaeleza kuwa Windows NT 3.0 ilikuwa na mistari milioni 5.6 ya msimbo kwenye mafaili 40,000. Bildi moja kamili iliweza kuchukua hadi saa 19 kwenye mashine kadhaa, na bado waliijenga kila siku.

Sasa ikivunjika? Jibu la enzi zile lilikuwa rahisi: aliyevunja ndiye atengeneze, na aone aibu kidogo. McConnell anasimulia kwamba vikundi vingine vilimpa mvunjaji pipi ya kijiti aibandike mlangoni kwake mpaka atakapotengeneza. Vingine vilimvika pembe za mbuzi, au vikamtoza dola 5 za mfuko wa kuchangamsha kazi. Mradi ukikaribia mwisho, wengine walitembea na vile vidude vya kuitia vya siku hizo, na mtu aliweza kuamshwa saa tisa usiku aje arekebishe alichoharibu. Mimi niliposoma hapo nilicheka, maana kuamshwa saa tisa usiku tunakujua.

Mambo hayo yanachekesha mkiwa jengo moja, mnalipwa na mwajiri mmoja na mnakula pamoja mchana. Lakini yana kasoro, na kasoro hiyo sisi wauguzi tumeilipia kwa damu. Ukimwaibisha aliyekosea, wa pili atajifunza kuficha. Mwaka 1999 taasisi ya madaktari na wataalamu wa afya ya Marekani, Institute of Medicine, ilitoa ripoti maarufu iitwayo To Err Is Human. Ilikadiria kuwa kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wanakufa kila mwaka katika hospitali za Marekani kwa makosa ya kitabibu yaliyoweza kuzuilika. Hoja kubwa ya ripoti ile ni kwamba makosa mengi hayatokani na watu wabaya. Yanatokana na mpangilio mbaya unaowaacha watu wazuri wakosee, kisha unawatisha wasiseme.

Kiwandani jambo hili lilijulikana mapema. Sakichi Toyoda wa Japani alitengeneza mashine za kufuma nguo ambazo zilijisimamisha zenyewe uzi ukikatika, ili zisiendelee kufuma kitambaa kibovu. Kampuni ya magari ya Toyota, iliyotokana na familia hiyo, ikalichukua wazo likawa kamba iliyoning'inia juu ya mstari wa kazi. Fundi yeyote akiona kasoro anaivuta. Msimamizi anakuja mbio, na tatizo lisipotatuka kwa muda mfupi mstari mzima unasimama. Anayevuta haulizwi kwanza kama kosa ni lake. Mwaka 2002 hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, iliazima wazo hilo hilo la Toyota: mfanyakazi yeyote wa hospitali, awe daktari bingwa au mfagizi, akiona kitu kinachoweza kumdhuru mgonjwa anatoa taarifa, na shughuli hiyo inasimama mpaka iangaliwe. Nimeeleza haya ili mdogo wangu aone kwamba swali lake lina ndugu wengi nje ya kompyuta.

Turudi kwenye programu. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya magari ya Chrysler ya Marekani ilikuwa inaandika programu ya kulipa mishahara, na mwaka 1996 ikamwita Kent Beck aje kuinusuru. Kutokana na kazi ile Beck na wenzake walikusanya taratibu walizoziita Extreme Programming, na mwaka 1999 akazitolea kitabu. Mojawapo ya taratibu hizo ilisema msimbo wote ni mali ya wote. Mtu yeyote anaruhusiwa kurekebisha kipande chochote, hata kama hakukiandika yeye. Waliandika wawili wawili, na kuunganisha kulifanyika kwa zamu, wawili kwa wakati mmoja. Majaribio yote yakipita, wanaondoka. Yasipopita, watengeneze pale pale au watupe walichokuja nacho. Hapakuwa na kusema "hilo kosa si langu", kwa sababu walipokuta sufuria ilikuwa nzima.

Wazo la mali ya wote ni zuri, na sisi tuliokulia nchi ya Ujamaa tunalipenda. Tunajua pia hatari yake. Kitu cha wote kinaweza kugeuka kuwa kitu cha hakuna. Hapa Johannesburg hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, mtaa wa Albert, Marshalltown, liliungua, na watu zaidi ya 70 wakafa, wengi wao wahamiaji kama sisi. Mlinipigia simu asubuhi ile, mnakumbuka. Jengo lilikuwa mali ya jiji. Tume ya Jaji Khampepe, katika ripoti iliyotoka Mei 2024, ilisema jiji lilishindwa kutimiza wajibu wake kwa jengo hilo. Watu walipita pale kila siku wakaona milango, nyaya na vyumba vya mbao. Kuona peke yake hakukutosha, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye, akiona, ndiye anayetakiwa kuanza.

Nimeuleta msiba huo hapa kwa heshima, siyo kwa kulinganisha roho za watu na kompyuta. Ninachosema ni kwamba "jukumu ni la wote" ni nusu ya sentensi. Historia ya bildi baada ya Extreme Programming ni historia ya watu kutafuta nusu ya pili.

Waliosukumwa zaidi kuitafuta ni watu wa programu huria. Wakubwa kwa wadogo mtakumbuka mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote duniani anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuchangia. Mchangiaji wa hiari aliye upande wa pili wa dunia huwezi kumtoza dola 5 wala kumvika pembe za mbuzi. Ukimwaibisha, anaondoka zake.

Kampuni ya Netscape ilipouachia msimbo wake hadharani tarehe 31 Machi 1998, ukazaliwa mradi wa Mozilla, ambao baadaye ulitupa Firefox. Mozilla walikuwa na programu iliyoitwa Tinderbox. Kazi yake ilikuwa kuijenga Mozilla tena na tena kwenye mashine za aina mbalimbali, na kuonyesha matokeo kwa rangi mbele ya kila mtu. Kijani ni salama. Nyekundu ni bildi imevunjika. Ikiwa nyekundu, mlango unafungwa na hakuna anayeruhusiwa kuongeza kitu kipya isipokuwa cha kurekebisha. Wote walioweka mabadiliko muda ule walitakiwa wapatikane mpaka kijani kirudi, kwa kuwa mmoja wao, hata bila kujua, ndiye aliyetia chumvi ya pili.

Halafu wakaongeza mtu, na huyu ndiye aliyenivutia kuliko wote. Walimwita sherifu, kama wa kwenye sinema za makauboi. Sherifu ni wa zamu. Anaangalia rangi, anafunga na kufungua mlango, anawatafuta wahusika, na wasipopatikana anaondoa badiliko lililoleta shida ili wengine waendelee. Si yeye aliyeharibu, na mara nyingi kutengeneza kwenyewe hafanyi yeye. Kazi yake ni kuhakikisha jambo haliachwi. Mozilla waliuendeleza mtindo huu miaka mingi, na kuanzia mwaka 2011 waliweka sehemu ya kupokelea mabadiliko kwanza, masherifu wakiyachuja kabla hayajaingia kwenye msimbo mkuu.

Soma tena aya hiyo halafu ondoa neno sherifu uweke muuguzi wa zamu. Kengele ikilia kitanda namba nane, siulizi nani alifunga dripu vibaya. Nakwenda. Nikifika na kuona inamhitaji daktari, namwita daktari. Nikiona dawa ndiyo inayoleta vipele, naisimamisha kwanza, maswali baadaye. Zamu yangu ikiisha namkabidhi mwenzangu kwa mdomo na kwa maandishi, na kengele sasa ni yake, hata kama chanzo chake kilikuwa mchana kwangu. Kosa lina mwenyewe wake, jukumu nalo lina mwenyewe wake, na hawa wawili si lazima wawe mtu mmoja. Nusu ya pili ya sentensi ndiyo hiyo: jukumu ni la wote, lakini zamu ni ya mmoja.

Kuanzia hapo vifaa vilizidi kuwa vingi. Mwaka 2000 Martin Fowler na Matthew Foemmel wa kampuni ya ThoughtWorks waliandika makala kuhusu kuunganisha msimbo mara kwa mara badala ya kungoja mwisho, na mwaka 2001 watu wa kampuni hiyo wakatoa CruiseControl, programu huria inayojenga yenyewe kila mtu anapoweka kitu kipya. Vikundi vingine vilifunga taa mbili zenye nta inayopanda na kushuka zikipata moto, moja ya kijani na moja nyekundu. Bildi ikivunjika inawaka nyekundu, na nta inachukua muda kabla haijaanza kucheza, kwa hiyo watu walishindana kutengeneza kabla taa haijapata moto. Baadaye Kohsuke Kawaguchi akaandika Hudson, ambayo mwaka 2011 ilibadilishwa jina ikaitwa Jenkins baada ya mvutano na kampuni ya Oracle. Kwa upande wa Linux, Stephen Rothwell wa Australia alianza Februari 2008 kazi ya kukusanya kila siku mabadiliko ya vikundi vingi na kuyajenga pamoja kabla hayajafika kwa Linus Torvalds. Palipogongana, alimwandikia mhusika. Aliifanya kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Zamu moja ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia!

Sasa nifike kwetu, maana hapa ndipo swali linapogusa vitanda vyetu.

Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, ulianza mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Uliundwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Mwaka huo huo ukaanza mpango wa AMPATH wa kutibu VVU kwenye eneo hilo. Wagonjwa wakaongezeka haraka, na mfumo mdogo ukaanza kuelemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa taasisi ya Regenstrief, Indiana, walikwenda Eldoret, wakaona kinachohitajika ni msingi mpya ambao nchi nyingi zingeweza kuutumia. Wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini kupitia Chris Seebregts. Ndipo ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa.

Kumbukeni wakati wenyewe. Aprili 2004 ndipo hospitali za serikali za hapa Gauteng zilipoanza kutoa ARV. Kila mgonjwa alikuwa wa kufuatiliwa maisha yake yote: CD4, dawa, uzito, tarehe ya kurudi. Faili likipotea, mtu anapotea. Februari 2006 OpenMRS ilianza kutumika Eldoret, Agosti mwaka huo Rwinkwavu nchini Rwanda, na mwishoni mwa mwaka ikafika hospitali ya Richmond, KwaZulu-Natal. Nchi tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa msimbo mmoja. Baadaye Kenya ilijenga KenyaEMR juu yake, na Uganda UgandaEMR.

Tazameni ugumu wake. Mwandishi wa Indiana anaweka badiliko jioni anaenda kulala. Eldoret kunakucha, wanakuta bildi imevunjika. Aliyevunja amelala. Wafanyeje, wamngoje mpaka jioni yao? Hapa niwe mkweli kwenu: bildi ikivunjika, kliniki haizimiki saa ile ile, kwa sababu kliniki hutumia toleo lililokwishajaribiwa. Karakana ndiyo inayosimama. Lakini kama kuna kliniki inangoja marekebisho, labda ripoti inayohesabu vibaya au ukurasa usiofunguka, basi marekebisho hayo hayatoki mpaka karakana ifunguke. Foleni ya karakana inaishia kwenye benchi la wagonjwa.

Kwa miaka mingi OpenMRS walitumia programu ya Bamboo ya kampuni ya Atlassian kujenga na kujaribu msimbo wao, matokeo yakiwa wazi kwa yeyote. Vifaa vya namna hii vina kitu kidogo ambacho jirani yangu alinionyesha, nikakipenda sana. Bildi ikiwa nyekundu, panaweza kuandikwa jina la anayeishughulikia. Jenkins nayo ina nyongeza ya kazi hiyo hiyo: unabonyeza kusema hii naichukua mimi. Haisemi nimekosa. Inasema niko nayo. Wengine wakiona jina wanajua wasirudie kazi ile ile, na wakiona hakuna jina wanajua kengele inalia na hakuna aliyekwenda. Wodini tuna kitu hicho hicho: nikienda kwenye kengele namwambia mwenzangu kwa sauti, "Nane niko naye." Maneno matatu tu.

Johannesburg nayo ina sehemu yake. ThoughtWorks wale wale wa CruiseControl waliisaidia OpenMRS, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakawa na ofisi hapa jijini. Chuo Kikuu cha Wits kilianzisha kituo cha uhandisi wa programu mwaka 2005 chini ya Profesa Barry Dwolatzky, na mwaka 2016 ukafunguliwa Tshimologong, Braamfontein, mahali vijana wanapojifunzia kazi hizi. Profesa alifariki mwaka 2023. Nikipita pale nikitoka zamu ya usiku nawaona vijana wakiingia na mabegi mgongoni, Wazulu, Wasotho, Wazimbabwe, Wakongo. Najiambia, mmoja wa hawa siku moja ataandika kitu nitakachokibonyeza mbele ya mgonjwa. Namwombea ajifunze kuandika, lakini zaidi ajifunze kusema niko nayo.

Mfano wa mwisho, kwa wanaodhani hili ni la ndani ya kikundi kimoja tu. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja aitwaye Azer Koçulu aligombana na kampuni moja kuhusu jina, akaondoa kazi zake zaidi ya 250 kwenye ghala la pamoja liitwalo npm. Kati ya hizo kulikuwa na left-pad, kipande cha mistari 11 tu kinachoongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Kumbe maelfu ya programu zilikitegemea bila hata kujua, na bildi zikaanza kuvunjika duniani kote. Walioathirika hawakuwa wameharibu chochote. Mtu mwingine kabisa, Cameron Westland, aliweka kipande mbadala baada ya dakika kama kumi. Hakikutosha, kwa sababu wengi walikuwa wanaliita toleo la zamani kwa namba yake, kwa hiyo baada ya saa mbili na ushee wenye ghala wakalirudisha lile la zamani. Ubishi wa nani mwenye kosa umeendelea miaka na miaka. Kazi ya kutengeneza haikuungoja ubishi uishe.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu lako hili hapa. Kwanza, ufa uonekane na wote na mapema, kwa rangi isiyofichika. Pili, sufuria irudishwe salama kabla ya mjadala: kama kutengeneza kunachukua muda, toa kilicholeta shida, kitarudishwa kikiwa kizima. Tatu, awepo wa zamu, kwa jina, na zamu izunguke ili asichoke mmoja wala asijisahau mwingine. Nne, aliyevunja asaidiwe, asichekwe, kwani yeye ndiye anayejua alichokifanya na tunamhitaji aseme. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chombo hicho hicho kikikosa wa kushika usukani usiku, hakiendi popote.

Na ninyi wakubwa mliosoma mpaka hapa mkidhani ni barua ya mtoto wa Dodoma, ngojeni. Pampu ya kisima pale nyumbani tuliinunua ndugu watano kwa kuchanga. Ni ya wote. Tangu mwezi wa pili haifanyi kazi. Nimesikia kwamba aliyeiacha inazunguka bila maji ni fulani, kwamba aliyeleta waya mwembamba ni fulani mwingine, na kwamba aliye nje ndiye mwenye hela. Wakati huo Mama anabeba ndoo kutoka kwa jirani, na magoti yake mimi kama nesi nayajua kuliko nyinyi. Yeye hatasema, kwa hiyo nasema mimi.

Sitaki kumjua aliyeivunja. Napendekeza zamu, mwezi mmoja kila mtu, kuanzia mkubwa kushuka. Mwenye zamu halipi peke yake. Kazi yake ni kuhakikisha fundi ameitwa, bei imejulikana na kila mtu ameambiwa sehemu yake. Mwezi ukiisha anamkabidhi anayefuata na kumweleza hali ilivyo. Mwezi huu nachukua mimi, ingawa niko mbali kuliko wote. Fundi nimeshaongea naye, atapita Jumamosi saa nne. Kaka mkubwa, naomba uwepo umfungulie geti. Mwezi ujao zamu ni yako.

Msalimieni Mama. Mungu akipenda tutaonana Desemba.